Musyoka Aliyepotea Bombay

Enzi zetu, wazee wenzangu mnaozeekea huku kwenye theluji, mtu aliweza kuzunguka Bombay bila kutoka Kitui. Baba alikuwa mpishi wa meli, na maishani mwake alishuka Bombay siku moja tu. Siku moja! Lakini siku ile tuliila miaka.

Jioni muthokoi unatokota, mahindi yaliyotwangwa yakakobolewa, si haya ya kopo ninayopewa hapa, lakini tuache hayo. Baba anasimama uani: "Haya, twende tukatembee. Kila mtu ashike shati la aliye mbele, magari ya kule hayana adabu." Ghala ndiyo stesheni kubwa. Zizi la mbuzi ndilo soko la viungo. Harufu ilikuwepo, ingawa si ya viungo. Mimi shule niliachia la tatu, ramani sikuijua, ila mitaa ile niliijua.

Mdogo wangu Musyoka alikuwa mkiani. Kila safari, tukifika sokoni, analiachia shati langu, anajificha. Baba anahesabu vichwa. "Nani kapotea Bombay?" Hakuna kula mpaka tutimie. Tunaita Musyoka, we Musyoka, na mama anafoka, "Nyinyi watalii, chakula kinapoa!" Kumbe yuko nyuma ya zizi, kicheko kimembana.

Mwaka jana Musyoka alifariki. Daktari wa Minneapolis aliyaangalia magoti yangu na moyo wangu, akanikataza kupanda ndege. Nilimzika kwa simu, jikoni kwa binti yangu hapa Eden Prairie, Marekani. Picha ikakwama. Jeneza likishuka sikuliona.

Majuzi mjukuu wangu Mwende kaenda Bombay kutembea. Siku hizi inaitwa Mumbai. Akanipigia video. Vijana wa leo, mji mzima kiganjani, simu inawaambia geuka kushoto, wala hawapotei. Sisi tulipotea bila kwenda. Alipofika barabarani nikapiga kelele, "Shika shati!"

"Shati la nani, Babu? Niko peke yangu!" Akacheka sana.

Akaingia sokoni. Watu, watu, watu.

"Babu, nikuonyeshe nini?"

"Usinionyeshe kitu. Tembea polepole tu."

Nikavaa miwani, simu nikaileta puani, nikawa naangalia nyuma ya kila kibanda. Binti yangu akaita, "Baba, chakula kinapoa."

Nikamwambia bado. Hatujatimia.