Barabara Iliyolambwa na Ng'ombe

Niliacha shule darasa la tatu, lakini udongo mweusi wa njia ya Doldol niliushinda mimi, si wenye vyeti. Kiangazi ulipasuka mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko. Mvua ikinyesha ulivimba, ukameza lori. Wakandarasi wawili walikuwa wameukimbia. Injinia wa barabara akanipa kazi, akaniambia wazi, "Hiki kipande kikikatika mvua ya kwanza, usinionyeshe uso wako tena."

Nikamkumbuka mama kule Gakindu. Udongo wa sakafu aliuchanganya na mavi ya ng'ombe, akaufunika siku tatu uvunde, ndipo akaukandika. Haukupasuka kamwe. Nikasema, basi, udongo hulishwa kwanza! Mavi ya barabara nzima ningeyatoa wapi? Nikaleta molasi kwa mapipa, ile shira ya miwa ya kulishia mifugo, na chokaa. Tukamwaga, tukapindua kwa trekta, tukaacha udongo ulale.

Sasa, mimi na akili zangu zote, nilisahau kwamba hiyo ndiyo njia ya kwenda mnadani. Siku ya nne kundi zima la ng'ombe likafika, likanusa, likainamisha vichwa. Hakuna aliyesonga. Mwenye kundi, mfanyabiashara Mwislamu wa Nanyuki, akasukuma kofia yake nyuma.

"Bwana kandarasi, hii ni barabara ama hoteli?"

"Ondoa ng'ombe wako, mzee! Wananiharibia kazi!"

"Waambie wewe. Mimi leo hawanijui."

Wafanyakazi wangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Ng'ombe walilamba na kukanyaga mpaka jua likashuka, nami nikajua nimekwisha.

Asubuhi nikapiga sululu pale. Ikaruka! Walikuwa wamelamba molasi ya juu tu, na kwato zao zimeshindilia udongo kuliko rola niliyoazima. Nikamfuata yule mzee mnadani, nikamwomba arudishe kundi kwa njia ile ile. "Leo ni wageni wako?" akauliza, lakini alirudi nalo mara mbili. Halafu nikafunika kwa murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, nikachimba mitaro.

Mvua ikapiga siku nne. Injinia akaja na Landrova, akapita, akageuza, akapita tena. Akashuka kuchokora kwa fimbo.

"Uliweka saruji?"

"Hata kijiko. Udongo ulishiba molasi na chokaa. Maji yakija, yanakuta tumbo limejaa."

Akatoa kalamu. "Vipimo vyako ni vipi?"

Nikamtajia polepole, na yeye, na digrii yake, akaandika amesimama kwenye mvua. Kisha akanionyesha kipande kilichofuata.