Usingizi wa Mkata Tiketi

Mkata tiketi wa uwanja wa barafu, pale mjini kwao Manitoba, Kanada, hakalii kiti. Hukalia ukingo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. Verna, anayekaanga viazi dirisha la jirani, amemtazama hivyo tangu mimba ya binti huyo ilipokubali, baada ya miaka ya sindano na kupandikizwa mimba kulikokataa. Mkono wa kulia hukata tiketi, wa kushoto haubanduki tumboni. Usingizi ukimwiba, hushtuka, hubonyeza tumbo na kungoja teke, akilipata tu, hushusha pumzi na kuuliza, "Nani anafuata?" Macho yake mekundu kama pilipili.
"Si ulale, mwanangu," Verna humwambia.
"Nikilala, mama, naona kama ataondoka bila kuniaga."

Siku ya fainali ya mpira wa magongo, tiketi zilipokwisha, Verna alimvisha koti lake zito, akamwegemeza ukutani. Dakika ya mwisho vijana wa nyumbani wakafunga. King'ora kikalia, watu wakapiga mabenchi mateke, mabati yakatetemeka. Verna akageuka washangilie wote wawili, akamkuta kinywa wazi, anakoroma kama trekta, mikono yote miwili imelegea pembeni. Chini ya sweta tumbo likaruka upande, likaruka tena. Mama mtu hata kope haikutikisika.
"Mwamsheni, amekosa bao!" mzee mmoja akapayuka dirishani.
"Thubutu!" Verna akamkemea, upawa wa viazi kauinua juu kama kombe. "Bao lenyewe ndilo hili."