Posho Haikatwi

Nyumbani kwetu posho ilipendwa kuliko mshahara. Mshahara ulifika umeshatafunwa: kodi, chama cha wafanyakazi, mchango wa pensheni. Posho ilifika nzima. Baba alikuwa fundi wa mtambo wa kuchakata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza, na neno lenyewe alilirithi. Babu, aliyekata mkonge enzi zake, alipewa posho ya unga, akipimiwa kwa kopo. Kwa Baba ule unga uligeuka pesa: posho ya chakula, ya usafiri, ya vumbi. Jina likabaki lile lile, na sisi hatukujiuliza kwa nini.

Mama alikuwa na haja moja tu. Tuliishi kota za kampuni, na hakuzipenda hata siku moja.

"Mie nikifa nitolewe mlangoni mwangu," alikuwa akisema. "Si mlango wa kampuni."

Baba akanunua kiwanja Tongoni, akapandisha kuta kidogo kidogo. Fremu ya mlango wa mbele aliiweka mapema, ya mninga, ili Mama aione. Kila tulipokwenda, Mama alisimama nje ya fremu akapiga hodi, na Baba, ndani ya kuta zisizo na paa, akamkaribisha. Walikuwa watu wazima, wakicheza kama watoto. Paa lilikuwa linasubiri pensheni.

Nikiwa sekondari, kampuni ilikubali kuongeza malipo. Meneja aliwaita wafanyakazi bandani, akawaambia wachague: nyongeza iingie kwenye mshahara au kwenye posho. Baba ndiye aliyewasemea wenzake. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo posho inakatwa?"

"Haikatwi."

Banda zima likapiga makofi. Baba alirudi nyumbani na pweza mkononi, akaanza kutangaza tangu njiani: posho haikatwi! Mama akapiga kigelegele. Mimi nikanunuliwa viatu vya shule. Hadi leo pweza wa nazi akipikwa nakasirika, na siwezi kumweleza mtu kwa nini.

Kuanzia hapo kila nyongeza ilikuja kwa jina la posho. Mshahara wenyewe ulibaki pale pale, umekonda, na mchango wa pensheni ukaendelea kukatwa kwenye huo mshahara uliokonda.

Baba alipostaafu nilimsindikiza hadi ofisi ya mfuko wa pensheni kuulizia mafao yake. Binti wa dirishani alimwamkia kwa adabu, akamwonyesha jumla. Baba akaitazama, akadhani ni ya mtu mwingine.

"Mzee wangu, tunahesabu mshahara uliochangiwa," yule binti akasema. "Posho haimo."

"Lakini posho ndiyo iliyokuwa nyingi."

"Naelewa, mzee. Ila haikukatwa."

Nilitaka kugomba, nikakosa wa kugombana naye. Binti hakuwa na kosa. Meneja hakusema uongo. Baba aliuliza alichokijua, akajibiwa hicho hicho alichouliza.

Kota tukatakiwa kuzihama. Mama alikuwa ameshaanza kuumwa figo, kwa hiyo mkupuo ule mdogo wa mafao ukaishia kwenye dawa na pango la chumba Tanga mjini, karibu na hospitali. Habari za paa zikakoma nyumbani. Mama hakulalamika, na hilo liliniuma kuliko kama angelalamika.

Alifariki alfajiri moja ya Ramadhani. Kabla hata ya kuwapigia simu ndugu, Baba alivaa kanzu, akavuka ua kwenda kwa mwenye nyumba, kijana wa umri wangu. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzangu ametangulia. Nakuomba utuazime mlango, tumtoe."

Kijana akashika kichwa, akasema hilo si la kuomba, nyumba ni yetu sote. Baba akamshukuru. Kisha akaomba tena, maneno yale yale, kama mtu ambaye hajajibiwa.