Niliona kidonda cha mama kikiwaka kijani, na mpaka leo sijamaliza kushangaa

Wakuu, salamu kwenu kutoka Karatina. Mimi ni fundi wa welding, sayansi niliiacha form four. Nitawaambia tu kile niliona kwa macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Mwaka jana mama alienda Kianyaga kusaidia kupika kwa ruracio, ile sherehe ya kupeleka mahari, ya binamu yetu. Wakiteremsha sufuria kubwa ya githeri, yaani mahindi na maharagwe, mtu mmoja akateleza. Supu yote ikamwagikia mguu wa mama, kuanzia goti kushuka chini.

Alilazwa Nyeri. Mwanzoni alikuwa anaendelea poa, akaruhusiwa kwenda nyumbani, awe anarudi clinic kubadilishwa bandeji.

Dada yake, Tata Wangeci, akahamia kwa mama kumuuguza. Sasa mjue Tata ni mtu wa miti shamba. Ukikohoa mbele yake, tayari ameshaweka majani kwa jiko.

Siku moja nikapigiwa simu nikiwa kazini. Kufika, nakuta mama ana homa, anatetemeka ndani ya blanketi mbili. Bandeji imeloa maji ya rangi ya kijani. Na harufu, wakuu! Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa tamu, kama matunda yameiva yakapita.

Kaka yangu Kariuki alikuwa ashafika na anafoka.

"Tata, umemwekea mama majani!"

"Mimi? Hicho kidonda sijakigusa!"

"Hii rangi basi imetoka wapi? Imeanguka kutoka mlimani?"

Tata akaanza kukunja nguo zake akizitia kwa mfuko, machozi yakimtoka. Mama kutoka kitandani anasema, "Muacheni dada yangu," lakini sauti haitoki vizuri.

Nikamwambia Tata hakuna mtu anaenda mahali. Tunaenda hospitali, sote.

Tulipokelewa na daktari mmoja msichana wa Meru, mpole sana. Alifungua bandeji, akanusa. Kisha akavuta pazia za dirisha, akazima taa, akatoa tochi ndogo ya mwanga wa zambarau, kama zile za kuangalia noti bandia.

Akamulika mguu.

Wakuu, mguu wa mama uliwaka.

Si kung'aa kama kitu kilicholowa. Uliwaka kijani yenye umanjano, mabaka mabaka, kama miji ukiiangalia usiku kutoka juu ya mlima. Na ile bandeji kwa sinia, nayo inawaka. Tata alishika msalaba wake shingoni.

Kariuki ndiye aliuliza kwanza. "Daktari, hayo ndiyo majani?"

"Majani gani? Hii imetengenezwa na bakteria."

Akatueleza polepole. Ati hao wadudu wanahitaji chuma ndiyo waongezeke. Chuma kiko ndani yetu, kwa damu, lakini mwili umekifungia, na ukishikwa na ugonjwa unakificha zaidi. Sasa bakteria wanafanya nini? Wanatengeneza molekuli ndogo sana, wanaiachilia nje, inaenda kushika chuma na kuwarudishia. Inaitwa pyoverdine. Na hiyo molekuli ndiyo inawaka ukiimulika na ile tochi.

Mimi nashika chuma kila siku. Nakata, naunga, napaka rangi. Nikasimama pale nikifikiria kwamba ndani ya mguu wa mama yangu kuna vita ya chuma, na vyuma vyenyewe hata jicho halioni.

Kariuki akauliza kama akimbie chemist anunulie mama tembe za kuongeza damu, maana alikuwa amepauka.

"Ngoja kwanza," daktari akasema. "Hizo tembe ni chuma, na hatutaki kuwaongezea hao bakteria chakula. Tuwamalize, ndiyo tufikirie damu."

Akachukua sampuli ya lab, mama akalazwa, dawa zikabadilishwa. Kidonda kikawa kinasafishwa kila siku, na mama alikuwa analia mpaka unasikia kutoka corridor. Kuna wakati walitutayarisha kwamba huenda mguu ukakatwa. Nilienda nyuma ya wodi nikaomba vile sijawahi kuomba.

Kisha homa ikashuka. Siku daktari alizima taa tena na kumulika, hakuna kitu kiliwaka, giza kabisa. Mama akapiga makofi kama mtoto. Baadaye akawekewa ngozi kutoka kwa paja.

Kariuki aliomba Tata msamaha pale pale wodini, mbele ya wagonjwa wengine, kofia mkononi. Tata akamwambia, "Nenda uniletee chai." Hiyo ndiyo ilikuwa jibu yake. Saa hii mama anatembea, anachechemea kidogo tu, na hao dada wawili bado wanakaa pamoja.

Nilichojifunza: mtu wako akichomeka na uone kijani, usikae ukitafuta nani wa kulaumu. Kimbia hospitali. Na tafadhali msinunue tochi mkajifanya madaktari, maana daktari mwenyewe alisema kuna vitu vingi vinawaka, na si kila bakteria anawaka.

Kuna mtu humu wa lab au nursing ameona hii kitu? Niambieni, mlizoea? Kwa sababu mimi nilikuwa naogopa kumpoteza mama, na hapo hapo, Mungu anisamehe, nikaona ni kitu kizuri sana.