Wanafunzi Walioeleza Ziwa Lisilokuwepo

Kiwanda nilichofanyia kazi kilipobinafsishwa, sisi wapiga chapa tulikuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Nikafungua chumba cha kuchapa hapa Musoma, karibu na soko, na baada ya miaka michache ya mashine ya taipu nikapata kompyuta iliyotumika. Kazi yangu kubwa ilikuwa mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Wakuu wa shule kadhaa za Musoma, Bunda na Butiama walikuwa na kamati yao, na mtihani wao wa pamoja waliniletea mimi, kwa sababu nilijulikana kwa kufunga mdomo.

Undani wa kompyuta sikuujua. Nilihitaji fundi wa kuja kuitunza, na yule niliyemchagua nilimchagua kwa ajili ya tai yake. Sitaficha. Alikuwa amesoma Mwanza, Kiingereza kilimtoka bila kukwama, na alikuwa anahudumia ofisi nyingi mjini. Sikumuuliza swali hata moja. Neno la siri la mashine yangu aliliweka yeye, akaniandikia kwenye kikaratasi, nami nikasema asante.

Mwaka huo mtihani ulivuja. Kamati iliniita Bunda, nikasimama mbele ya wanaume tisa na mtawa mmoja kama mwizi wa kuku. Mkuu wa shule moja ya Butiama, mzee aliyefundisha jiografia, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

"Mama, umetuuza," alisema. "Tulikuamini, na umetuuza."

Nilirudi Musoma. Wiki nzima watu sokoni walinisalimia kwa nusu mdomo. Lakini nilikuwa nimeomba nakala moja ya karatasi iliyovuja, na nilipoilinganisha na ile halali niliona kitu. Swali la saba kwenye karatasi iliyovuja halikuwa na sehemu ya mwisho. Sehemu hiyo mwalimu aliileta Jumatano asubuhi, nikaiongeza mwenyewe. Kwa hiyo mtihani uliibwa kabla ya Jumatano, na kabla ya Jumatano ulikuwa ndani ya kompyuta tu, haujachapwa popote. Jumanne fundi alikuwa amekuja kusafisha virusi.

Hasira ilinipanda, nikaitunza. Sikwenda kumgombeza. Nilipanda gari mpaka Butiama kwa yule mzee aliyenitukana, nikamwekea karatasi mbili mezani.

Alizisoma polepole, akavua miwani. "Sasa unataka nini?"

"Niandikie mtihani wa uongo, mwalimu. Ule wa kweli mwakani utauchapa mwenyewe kwa taipu, hapa kwako."

Alicheka mpaka akakohoa. Msimu uliofuata tulikaa naye mchana mzima tukitunga. Swali la nne ndilo tulilipenda kuliko yote: "Eleza sababu nne za kukauka kwa Ziwa Kerumba." Ziwa hilo halipo duniani. Tulilitoa kichwani.

Niliuingiza mtihani huo kwenye kompyuta, nikamwita fundi.

"Virusi vimerudi, kaka. Inagandaga kila saa."

"Huwaga vinarudi hivi, mama. Niachie saa moja tu."

"Basi ngoja nikaangalie samaki wa sato sokoni."

Nilisimama kwa muuza nyanya, nikamwona fundi kupitia dirisha akichomoa diski kwenye mfuko wa shati na kuiingiza. Nilifurahi, furaha mbaya, ninaikiri.

Haikupita wiki mbili, karatasi yetu ikakutwa chini ya godoro katika bweni moja la Bunda, na Ziwa Kerumba lake.

Kamati ikamwita fundi kwa kisingizio kwamba shule zinatafuta mtu wa kutunza kompyuta zao. Alikuja na tai na mkoba. Alinikuta nimekaa katikati ya wakuu wa shule, akasita mlangoni. Mzee wa Butiama akamsogezea karatasi ile. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Kaka, hili ziwa liko wilaya gani?"

Aliisoma mara mbili. Jasho likamtoka puani. "Sijui, mama."

"Hata sisi hatujui. Lilikuwa kwenye kompyuta yangu tu, na mwingine anayelijua neno la siri ni wewe."

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. Nilizunguka mji mzima kwa miguu, kwa wanunuzi wa pamba, kwa wasafirishaji wa samaki, misheni, ofisi kwa ofisi, nikiwaambia wabadilishe maneno yao ya siri siku hiyo hiyo, na kwa nini. Fundi alikuja kwenye chumba changu cha kuchapa kuniomba niache. "Mama, nina watoto." Nikamwambia hata mimi ninao, na waliulizwa shuleni kama mama yao ni mwizi. Mwezi huo akahama Musoma. Nilikula vizuri siku aliyoondoka.

Fundi mwingine nilimtafuta kwa maswali. Wawili niliwakataa: mmoja alitaka kwenda na mashine kwake, mwingine alikasirika kuulizwa. Nikampata mwanamke wa mtaa wa Kamunyonge, naye alikuwa amepunguzwa kazi benki.

"Neno la siri usiniambie hata mimi," alisema. "Nikija, fungua mwenyewe, na ukae hapo hapo mpaka nimalize. Na diski ya mtu yeyote, yangu ikiwemo, tuikague kwanza."

Nikamchukua siku hiyo hiyo.

Halafu dada yangu akaja kutoka Butiama, hajakaa wala hajanywa maji. Binti yake alikuwa mmoja wa walionunua karatasi ile. Mtihani wa kweli ulipowekwa mbele yake alichanganyikiwa, akajaza ukurasa mzima kuhusu ziwa ambalo hakuna aliyemuuliza.

"Ulijua watoto wataisoma," dada alisema. "Ulijua!"

"Nilijua kuna watakaoinunua."

"Ni mtoto wako yule!"

Nilimwambia amlete binti likizo, nimfundishe mwenyewe. Alikataa. Baadaye mzee wa Butiama alinionyesha karatasi ya yule binti. Alikuwa ameeleza sababu nne, kwa mpangilio mzuri, kwa mwandiko uleule wa bibi yake, mama yangu. Niliisoma mpaka mwisho, nikamrudishia mzee, nikapanda gari kurudi Musoma. Kwa fundi sijajuta, hata leo.