Lugha ya Si

Kaka wa meza ya jirani ofisini kwetu ameandika tovuti ya zahanati kwa C, yaani "Si", lugha ya kompyuta ambayo lazima itafsiriwe yote kuwa ya mashine ndipo ifanye kazi. Akisubiri tafsiri, hufuta miwani kwa pindo la shati. Sisi wengine tuliandika yetu kwa lugha rahisi, inayotafsiriwa papo hapo kila inapoendeshwa, tukamaliza mapema. "Kaka, hiyo Si yako si lugha ya tovuti!" wenzangu humtania. "Si yenu," hujibu, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Jana muuguzi wa zahanati alizijaribu zote mbili kwenye kompyuta yake kuukuu itakayoendesha tovuti, achague moja. Yetu ilizunguka, ikazunguka, ikaganda. Yake ilifunguka kabla hajainua kidole. "Ndiyo hii," akasema. Kaka akavua miwani, akaifuta taratibu, ingawa safari hii hakuwa akisubiri chochote.