Vifaru Viwili vya Mkuyuni

Mihayo Machibya, fundi redio wa Mkuyuni, alikuwa mtu wa kutaka kujua mambo, na tabia hiyo ilishamtia hasara si mara moja. Betri zilizokwisha alizianika juu ya bati, kila aina na mstari wake, apate kujua ipi inafufuka upesi kuliko nyingine. Pasi mpya ya mkewe aliifungua siku ileile iliyonunuliwa. Ukimuuliza anatafuta nini humo, anakujibu, "Sijui bado, ndiyo maana nafungua." Jambo moja tu hakutaka kulifungua: kwa nini mdogo wake, Shimba, hakanyagi kwake. Hilo sababu yake aliijua vizuri sana.

Twende polepole. Mwaka tisini na mbili, biashara ilipokuwa imeachiwa huru na maduka ya mjini yakaanza kujaa vitu ambavyo hata jina hatukuwa nalo, ndugu hawa wawili walichanga wakanunua mashine ya gemu dukani kwa Naushad. Kisanduku cha plastiki, vishikio viwili vyenye vitufe, na kaseti moja ya manjano. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kichina, au Kijapani, Naushad mwenyewe hakujua. "Macho si mnayo?" aliwaambia. "Tazameni, mcheze."

Wakatazama. Ilikuwa gemu ya vifaru vya vita. Chini kabisa kwenye kioo cha televisheni yuko ndege amezungushiwa matofali, vifaru viwili vimesimama kulia na kushoto kwake, na vifaru vingine vinashuka kutoka juu vikifyatua risasi.

Sasa wewe mwoneshe Msukuma vitu viwili vilivyosimama kulia na kushoto. Atafikiri nini kama si Wagika na Wagalu, zile pande mbili za ngoma zinazoshindana baada ya mavuno, kila upande ukitunga nyimbo za kuukejeli mwenzake mpaka watazamaji wauhame? Shimba akawa Mgika, Mihayo akawa Mgalu, kazi ikawa moja: mpige mwenzako. Kifaru kikipigwa na mwenzake hakifi, kinaduwaa tu na kumemeteka kwa muda, na kila kuduwaa wakakuhesabu bao. Vile vinavyoshuka kutoka juu walivichukulia kama nzi kwenye chakula, unavipunga unaendelea. Ndege akipigwa gemu inaisha, na lawama anabeba mwenye mabao machache. Mkuyuni nzima ikajifunza hivyo. Jumapili baada ya misa sebule ilikuwa haipitiki, Wagika upande wa dirisha, Wagalu upande wa mlango, na aliyeshinda lazima aimbe.

Jumapili moja ya mwaka tisini na tano Mihayo alishinda, akaimba. Wiki mbili kabla ya hapo mke wa Shimba alikuwa amefungasha na kurudi kwao. Mihayo akatunga papo hapo kwamba mtu aliyeshindwa kulinda ndege wa kwenye kioo, mke atamlindaje? Watu arobaini wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ulimi hauna mfupa, jamani. Shimba aliweka kishikio chini taratibu, na Jumatatu akapanda meli ya Nansio, akaenda kuwa fundi wa injini za mitumbwi huko Ukerewe. Baba na mama yao walishafariki, na wenyewe walizaliwa wawili tu. Majirani nao hawakujiingiza, maana ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Kumuomba radhi Mihayo alitaka, tena sana. Lakini kaka mkubwa, mwenye ndevu zake, amwombe radhi mdogo wake kwa mdomo? Neno lilikuwa likifika kooni linageuza njia. Badala yake alituma suruali kila Krismasi. Shimba alijibu kwa neno moja: "Nimepokea."

Miaka minne ikapita hivyo. Jumatano moja ya mwaka tisini na tisa abiria wa meli akaleta barua. "Kaka," Shimba aliandika, "nasikia Naushad anapokea mashine za zamani kwa kubadilishana na hizi mpya za sahani badala ya kaseti. Ile yetu ni ya wote wawili. Nakuja Jumamosi tumpelekee, mpya uchukue wewe, mimi sihitaji kitu. Tumalize." Mihayo alilisoma lile neno la mwisho mara tatu. Kitu pekee walichobaki nacho pamoja duniani kilikuwa hicho kisanduku. Kikishaondoka, Shimba hatakuwa na la kumleta Mkuyuni tena mpaka siku ya msiba.

Hizo mpya alikuwa ameziona dukani. Mpira unachezwa humo kama kwenye televisheni, unamwona mchezaji hadi anavyovuta soksi. Hapo udadisi wake ukaamka: je, hiki kimashine chetu bado kina utamu, au tulikuwa washamba tu tusiojua kizuri? Ijumaa mchana akakishusha kutoka juu ya kabati, akapuliza kaseti, akaunganisha nyaya. Mchezaji wa pili akakosekana. Akamwita mkewe, Evelina, Mhaya wa Bukoba ambaye Jumapili zote zile alikuwa jikoni akiwapikia uji hao mashabiki, hajawahi hata kukigusa kishikio.

Gemu ikaanza, Mihayo akampiga risasi.

"Mbona unanipiga mimi?" Evelina akauliza.

"Ndivyo inavyochezwa."

"Nani kasema?"

Mihayo akampiga tena, Evelina akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Na hawa wanaoshuka ni wa nani? Wanamtafuta huyu ndege, na sisi tumewekwa hapa ubavuni kwake. Baba Winnie, mimi naona tuko upande mmoja. Nyie Wasukuma ngoma itawaua."

Akabisha, kama mume anavyobisha, kisha akajaribu. Walipoacha kupigana, wakavuka kiwanja kimoja baada ya kingine hadi uwanja wa nne ukaisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea sebuleni pale. Ukaja wa tano, una maji katikati. Mbele zaidi vikatokea vichaka vya kujifichia, na barafu inayotelezesha kifaru. Picha zilikuwa mbaya, tuseme ukweli, na muziki wake ni mbu ndani ya kopo. Lakini Mihayo alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Hakuweza kujijibu kama gemu ya zamani bado inafaa, kwa sababu hiyo haikuwa ya zamani. Jumapili zote zile, nyumba imejaa watu, na hakuna aliyewahi kuicheza. Walifika uwanja wa kumi na saba, akazima. Evelina alipomgeukia alimkuta amejiinamia, anafuta macho kwa mkono wa shati.

Jumamosi saa tano Shimba akaingia. Amenenepa, amevaa suruali ya Krismasi ya juzi. "Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Meli inarudi saa nane. Iko wapi?"

"Iko kwenye umeme. Tuicheze kidogo kwanza, tuone kama ni nzima." Uongo mtupu, na wote wawili walijua.

Shimba akakaa, akashika kishikio, na kabla adui wa kwanza hajashuka akampiga kaka yake risasi. Kifaru cha Mihayo kikaduwaa. Shimba akangoja. Akapiga tena.

"Mbona hurudishi? Unanihurumia?"

"Sikuhurumii. Tulikosea, Shimba. Mama Winnie ndiye aliyegundua. Adui ni hao wa juu. Mimi na wewe tunalinda ndege mmoja."

Shimba akaguna, akadhani ni ujanja wa Wagalu. Hata hivyo hakupiga tena. Uwanja wa tano ulipotokea akainuka nusu kwenye kiti.

"Haya maji yametoka wapi?"

"Yalikuwepo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuinunue."

Shimba akakaa tena. Baada ya hapo yalisikika maneno mafupi tu: kulia, nimemwona, nizibie hapa. Uwanja wa tisa maadui wakawa wengi, Mihayo akageuka kwa haraka, na kidole kikafanya mazoea yake. Risasi ikampata Shimba. Kifaru chake kikasimama, kinamemeteka. Enzi zile hapo ndipo wimbo ungeanza. Evelina, aliyekuwa mlangoni na beseni la mchele, akatazama pembeni.

"Nisamehe, mdogo wangu," Mihayo akasema. Lilitoka lenyewe, hakupata muda wa kulizuia.

Shimba hakugeuza kichwa. "Ya leo, au ya Jumapili ile?"

"Ya Jumapili ile, Shimba. Ya leo imeniponyoka tu."

Kifaru cha Shimba kilikuwa kimeacha kumemeteka kitambo, lakini hakikusogea. Kisha kikasogea, kikaenda kusimama mbele ya ndege.

"Angalia juu, kaka," Shimba akasema. "Wanakuja wawili."